Mbwa Mzee Anapochechemea: Tiba ya Leza na Njia Nyingine za Kupunguza Maumivu ya Viungo

Wakazi wengi wa Webuye hulala usingizi mzuri kwa sababu kuna mbwa nje. Kuanzia mitaa iliyo karibu na kiwanda cha karatasi hadi maboma ya Ndivisi, Mihuu, Matulo na Sitikho, mbwa ndiye askari wa zamu ya usiku asiyedai mshahara. Kwa miaka saba, minane, hata kumi, anaruka ua, anazunguka boma na kubweka kila lango linapoguswa. Kisha, polepole, mambo hubadilika. Asubuhi hainuki upesi. Hatua za kwanza anazipiga kama anayekanyaga miiba, halafu jua likishapanda anatembea vizuri kidogo, na mwenye nyumba anasema ni uzee tu.

Uzee peke yake si ugonjwa. Kinachomkaza mbwa wa namna hiyo mara nyingi ni baridi yabisi, yaani kuchakaa na kuvimba kwa viungo, na maumivu yake yanaweza kupunguzwa. Siku hizi watu huona kwenye simu zao video za mbwa aliyevikwa miwani myeusi, amelala kwenye blanketi, huku daktari akimpitishia kifaa chenye mwanga mwekundu juu ya nyonga. Hiyo ndiyo tiba ya leza. Je, inafanya kazi kweli? Inamfaa mbwa wa Webuye? Na asiyeweza kuifikia afanye nini? Maswali hayo yana majibu, ingawa si yote yanayofurahisha.

Kiungo kinavyochakaa

Kila aliyewahi kutafuna mfupa wa kuku anaijua gegedu, ile sehemu nyeupe yenye kuteleza iliyo kwenye ncha ya mfupa. Katika kiungo kizima, gegedu mbili hukutana na kati yake kuna ute unaolainisha mwendo, kama grisi kwenye ekseli ya mkokoteni. Miaka inavyopita, au baada ya jeraha la zamani ambalo halikutibiwa, gegedu hulika na kuwa na mikwaruzo. Ngozi nyembamba inayofunika kiungo huvimba, ute hupoteza uzito wake, na mwili hujaribu kujitengeneza kwa kuota vifundo vidogo vya mfupa pembezoni. Vifundo hivyo ndivyo huonekana kwenye picha ya eksirei. Gegedu haina neva, kwa hiyo mwanzoni mbwa hahisi kitu. Maumivu hutoka kwenye ngozi ya kiungo na kwenye mfupa wenyewe, na yanapoanza kuonekana uharibifu huwa tayari umekwenda mbali.

Viungo vinavyoumia zaidi kwa mbwa ni nyonga, goti, kiwiko na uti wa mgongo sehemu ya kiuno. Mbwa wakubwa, kwa mfano waliochanganyika damu na German Shepherd ambao wengi hapa huwapenda kwa ulinzi, huanza kuonyesha dalili mapema kuliko wadogo, wakati mwingine wakiwa na miaka saba au chini ya hapo. Baadhi yao huzaliwa na nyonga ambazo kichwa cha mfupa hakikai vizuri kwenye tundu lake.

Mbwa halii kwa maumivu ya namna hii, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Husema, "Angekuwa anaumwa, angelia." Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu hunyamaza. Huacha kuruka ua aliokuwa akiuruka. Hukaa chini kabla ya kushuka ngazi, kana kwamba anafikiria. Hulamba kiungo kimoja mpaka manyoya yanabadilika rangi. Mapaja ya nyuma hukonda huku mabega yakinenepa, kwa kuwa uzito wote ameuhamishia mbele. Kucha hurefuka kwa kukosa kusuguliwa na ardhi. Na huwa mkali, hasa anaposhtuliwa akiwa amelala au mtoto anapomgusa kiuno.

Paka huficha zaidi. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulichunguza picha za eksirei za paka 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 12, na 90 kati yao walikuwa na dalili za viungo kuchakaa. Wengi wa wenye paka hao hawakuwa na habari. Paka aliyeacha kupanda darini kuwinda panya, au ambaye manyoya yake ya mgongoni yamesokotana kwa sababu hawezi tena kujipinda kujilamba, huenda hajawa mvivu hata kidogo.

Si kila kuchechemea ni baridi yabisi

Kabla ya kuzungumzia mwanga wowote, mbwa anahitaji kupimwa kwa mikono. Katika sehemu zetu kuna magonjwa mengine yanayofanana na haya, na mengine hayangoji.

La kwanza ni homa ya kupe. Vijidudu vinavyoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa vinaweza kuvimbisha viungo, na mbwa akawa anachechemea leo mguu huu, kesho mguu ule. Ishara zinazoambatana nayo ni homa, kukosa hamu ya kula, ufizi kuwa mweupe na wakati mwingine damu kutoka puani. Ugonjwa huu hutibiwa kwa antibiotiki inayoandikwa na daktari wa mifugo, na ukiwahiwa mbwa anaweza kupona. Kumpeleka mbwa mwenye homa ya kupe kwenye leza ni kupoteza pesa na wakati ambao hana.

La pili ni kichaa cha mbwa. Watu wanaijua ile sura ya mbwa mkali anayekimbia na kuuma kila kitu, lakini kuna sura nyingine ya kimya. Mbwa hulegea, miguu ya nyuma hukosa nguvu, taya hulegea, udenda hutiririka, sauti hubadilika na kumeza humshinda. Mwenye mbwa hudhani amekwamwa na mfupa, akatia mkono mdomoni kuutoa. Mkono huo umeingia hatarini. Baridi yabisi huja kwa miezi na haimzuii mbwa kumeza. Udhaifu uliokuja kwa siku moja au mbili, pamoja na udenda au tabia ngeni, ni sababu ya kumtenga mnyama bila kumgusa na kumpigia simu afisa wa mifugo mara moja.

Na kuna mambo madogo ambayo husahaulika: mwiba kati ya vidole, kucha iliyojikunja na kuingia nyamani, mnyororo uliomkata shingo, kidonda cha kipande cha chupa. Daktari mzuri huanzia hapo.

Mwanga unafanyaje kazi

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Miaka michache baadaye daktari wa Hungaria, Endre Mester, akifanya kazi Budapest, alitaka kujua kama mwanga wa leza ungeathiri uvimbe wa saratani. Aliwanyoa panya migongoni na kuwaangaza kwa leza hafifu. Saratani haikuwapata. Alichokiona mwaka 1967 kilikuwa kitu ambacho hakukitarajia: manyoya ya panya walioangazwa yaliota upesi kuliko ya wenzao. Kutoka hapo akaendelea hadi kwenye vidonda visivyopona, na tiba nzima ya leza kwa binadamu na wanyama imetokana na migongo ya wale panya.

Ni vyema kuitofautisha na leza ya upasuaji, ambayo nguvu yake hukusanywa mahali padogo sana hadi ikakata nyama. Leza ya maumivu haikati wala haichomi inapotumiwa sawasawa. Hutumia mwanga mwekundu na ule ulio nje kidogo ya wekundu ambao jicho haliuoni, wenye mawimbi ya kati ya nanomita 600 hivi na 1,000. Sababu ya kuchagua rangi hiyo mtu anaweza kuijaribu mwenyewe usiku. Washa tochi ya simu, ifunike kwa kidole, uone kinachotokea upande wa pili: mwanga uliokuwa mweupe hutoka ukiwa mwekundu. Rangi nyingine zimemezwa na damu na nyama, wekundu umepenya. Mwanga ulio nje ya wekundu hupenya zaidi kidogo, na ndiyo maana hutumika kufikia viungo.

Ukishaingia, mwanga huo humezwa ndani ya seli, hasa kwenye mitokondria, ambazo ni kama majiko yanayoipa seli nguvu ya kufanya kazi. Maelezo yanayokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba kimeng'enya kimojawapo cha mitokondria hupokea mwanga na kuongeza uzalishaji wa nguvu. Mishipa midogo ya damu hutanuka, kemikali za uvimbe hupungua, na neva zinazopeleka habari za maumivu hutulia kwa muda. Kinachofaa kukumbukwa ni kwamba gegedu iliyolika hairudi. Leza haimgeuzi mbwa wa miaka kumi na mmoja kuwa wa miaka mitatu, na anayeahidi hivyo anauza maneno.

Kikao chenyewe ni cha utulivu. Mbwa hahitaji nusukaputi. Hulazwa kwenye blanketi, yeye na wote walio chumbani huvaa miwani maalumu, na daktari hupitisha kichwa cha kifaa juu ya kiungo kwa dakika chache. Kipimo huhesabiwa kwa jouli kwa kila sentimita mraba, kulingana na kina cha kiungo, ukubwa wa mbwa na rangi ya manyoya. Rangi ni jambo la kweli hapa: manyoya meusi humeza mwanga na kupata joto, kwa hiyo mbwa mweusi huangazwa kwa uangalifu zaidi asije akaungua. Mbwa mchafu pia hupunguza kinachopenya, na kumwosha siku moja kabla husaidia. Kwa kawaida huanza na vikao viwili au vitatu kwa wiki, kisha hupunguzwa hadi kimoja kwa wiki, na baadaye kimoja kila baada ya wiki kadhaa ili kudumisha nafuu. Kama baada ya wiki tatu au nne hakuna tofauti yoyote, daktari mwaminifu atasema tuache.

Wako wasioangazwa. Mwanga haupitishwi juu ya uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani, juu ya tumbo la mbwa mwenye mimba, juu ya tezi ya shingo, wala karibu na macho. Mashine zenyewe ziko kwa madaraja. Za daraja la 3B huwa na nguvu isiyozidi nusu wati, za daraja la 4 huzidi hapo, na zote mbili zinaweza kuharibu jicho la mnyama au la binadamu kabla ya kope kufumba. Ile kalamu ya leza inayouzwa sokoni, ambayo watoto huchezea paka, inatakiwa isizidi miliwati 5. Haina nguvu ya kutibu kiungo, lakini ikielekezwa machoni inaweza kudhuru.

Ushahidi umefika wapi

Tiba hii imevuka hatua ya kubahatisha, ingawa bado haijafika pale wauzaji wa mashine wanapoieleza. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la madaktari wa mifugo la Kanada uliwachukua mbwa 20 wenye baridi yabisi ya kiwiko. Baadhi waliangazwa kwa leza ya kweli, wengine kwa kifaa kilichopitishwa vilevile bila tiba, na wenye mbwa hawakujua nani yuko wapi. Katika wiki sita, walioangazwa kweli walipunguza kuchechemea, na wengi wao waliweza kupunguziwa kiasi cha dawa za maumivu. Hiyo ni habari njema. Lakini mbwa 20 ni wachache, na watafiti wengine hutumia vipimo tofauti kiasi kwamba ni vigumu kulinganisha kazi zao. Kwa sasa madaktari wengi huichukulia leza kama nyongeza juu ya mambo mengine, hasa kwa mbwa ambaye figo au ini lake haliruhusu dawa.

Kwa mkazi wa Webuye kuna hesabu nyingine. Leza si kifaa cha ofisi ya mifugo ya wadi wala cha agroveti. Ni mashine ya kliniki binafsi za wanyama wadogo, na hizo ziko zaidi katika miji mikubwa. Anayefikiria kwenda apige simu kwanza, aulize kama mashine ipo na inafanya kazi, na aulize bei ya mpango mzima. Bei ya kikao kimoja huonekana nafuu mpaka izidishwe mara kumi na kuongezewa nauli. Mbwa mwenye nyonga mbovu akirushwarushwa nyuma ya pikapu kutoka Misikhu mara tatu kwa wiki, huenda barabara ikampokonya alichopewa na mwanga. Kwa familia nyingi za kaunti hii, leza haitakuwa hatua ya kwanza, na mbwa wao hawatakosa nafuu kwa sababu hiyo.

Dawa za nyumbani zinazoua

Hapa ndipo madhara makubwa hutokea, na hutokea kwa nia njema. Mtu anaumwa na mgongo, anameza kidonge, anapata nafuu, kisha anamkatia mbwa nusu ndani ya ugali.

Ibuprofen na diclofenac, ambazo mtu hununua dukani bila wasiwasi, humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Ishara ni kutapika, kinyesi cheusi kama lami, kukataa chakula na kulegea. Mbwa anaweza kufa kwa kiasi ambacho kwa binadamu ni cha kawaida. Paracetamol kwa paka ni sumu kamili. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la binadamu, na kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya udongo au ya kahawia, uso huvimba, pumzi hubana. Akishaona hivyo, mwenye paka asingoje asubuhi.

Dawa za maumivu za mbwa zipo. Meloxicam na carprofen zimetengenezwa kwa vipimo vya mbwa, hutolewa baada ya mnyama kupimwa uzito na kuchunguzwa, na hupewa pamoja na chakula. Nazo zina masharti: mbwa asipewe dawa mbili za aina hiyo kwa wakati mmoja, wala asichanganyiwe na sindano ya steroidi. Ni muhimu sana kumwambia daktari kama mbwa alichomwa sindano yoyote wiki zilizopita, hata kama aliyechoma alikuwa akipita tu kutibu ng'ombe. Steroidi humfanya mbwa aamke kama kijana kesho yake, na ndiyo maana hupendwa. Ikirudiwarudiwa hudhoofisha misuli, gegedu na kinga ya mwili.

Kumpaka oili chafu ya gari kwenye nyonga, au kumchoma kiungo kwa chuma cha moto, hakuondoi chochote ndani ya kiungo. Oili ni sumu ambayo mbwa huilamba. Chuma humpa jeraha la pili.

Anayetoa matibabu anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, chini ya Sheria ya mwaka 2011 inayowahusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na kuwa na leseni ya mwaka husika. Kuomba kuiona leseni si utovu wa heshima.

Matunzo yasiyohitaji mashine

Uzito ndio unaoanza. Utafiti mrefu wa Marekani uliwafuata mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu utotoni hadi kufa, wakiwa wamegawanywa jozi jozi. Mmoja wa kila jozi alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na viungo vyao vilihitaji matibabu wakiwa wamechelewa sana kuliko wenzao. Utafiti mwingine umeonyesha kwamba mbwa mnene anayechechemea akipunguza uzito kwa takriban asilimia sita tu, mwendo wake hubadilika.

Ni kweli kwamba mbwa wengi wa hapa si wanene. Lakini yule anayefungwa kutwa nzima kwenye mnyororo na kulishwa ugali, mabaki ya chapati na mafuta ya nyama hujaa bila mwenyewe kutambua. Pitisha vidole kwenye mbavu zake. Zikihisika kwa urahisi chini ya ngozi, ni sawa. Ukilazimika kuzitafuta kwa kubonyeza, punguza ugali na uongeze mboga za kuchemsha na omena kidogo. Mbwa mzee aliyekonda ana shida tofauti, na asipunguziwe chochote kabla ya kupimwa minyoo na meno.

Mahali pa kulala ni la pili, na pengine ndilo rahisi kuliko yote. Saruji ya baraza hufyonza joto la mwili usiku kucha. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, mbwa anayelala kwenye udongo uliolowa huamka akiwa kama ubao. Mbao kuukuu zilizoinuliwa kidogo kutoka ardhini, juu yake gunia lililojazwa nyasi kavu au maganda ya mahindi, na ukuta wa kuzuia upepo, vinatosha. Maganda yabadilishwe kila wiki ili viroboto wasizaane. Asubuhi za baridi, chupa ya maji vuguvugu iliyofungwa kwa kitambaa ikiwekwa kwenye nyonga kwa dakika kumi humsaidia kuinuka. Maji yawe ya joto ambalo mkono wa mtoto unalivumilia.

Mbwa mwenye viungo vibovu asilazwe tu. Kiungo kisichotembea hukaza, na misuli inayokishikilia hunyauka. Kinachofaa ni matembezi mafupi mara mbili kwa siku kwenye ardhi laini, kwa mwendo wake. Njia za mawe za kupanda Chetambe si mahali pake tena. Na mnyororo wa mita moja uliofungwa kwenye nguzo ni adui wa viungo, kwa kuwa humfanya azunguke upande mmoja miaka nenda miaka rudi. Kama ni lazima afungwe mchana, kamba ndefu inayoteleza kwenye waya uliovutwa kati ya miti miwili humpa nafasi ya kunyoosha miguu. Ndani ya nyumba yenye vigae, mkeka wa zamani kwenye njia anayopitia humzuia kuteleza. Kucha zikatwe.

Punda wanaovuta mikokoteni ya maji na mahindi hupata maumivu ya viungo pia, lakini kwa punda anayechechemea kitu cha kwanza kuinua ni ukwato. Mara nyingi shida iko huko chini, kwenye ukwato uliorefuka au uliopasuka, na fundi wa kwato hufanya mengi kuliko leza.

Mbwa mwenye maumivu na mtoto wa nyumbani

Suala hili linaihusu kaunti, na si mwenye mbwa peke yake. Katiba ya mwaka 2010, Jedwali la Nne, iliweka udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na leseni za mbwa, mikononi mwa serikali za kaunti. Mbwa mpole wa miaka kumi anayeuma ghafla mara nyingi ameguswa mahali panapouma. Watoto wafundishwe kutomrukia mbwa mzee mgongoni, kutomvuta miguu na kutomwamsha kwa kumsukuma.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata na mbwa wa nyumbani anayejulikana, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na chanjo ya kila mwaka ya mbwa ndiyo njia yenyewe. Umri haumwondolei mbwa hitaji hilo. Yule mzee asiyetoka tena langoni hutembelewa na mbwa wapita njia, na anafaa kuchanjwa kama wengine.

Mwisho hufika kwa mbwa wengine. Anapokuwa hawezi kuinuka kwenda haja, hali, na dawa hazimsaidii tena, daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa sindano bila maumivu. Kumtelekeza kando ya barabara kuu usiku, kumtilia sumu kwenye nyama au kumfungia njaa ni kumtesa, na kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Nyama yenye sumu pia haichagui. Huliwa na mbwa wa jirani, paka, mwewe, na huokotwa na watoto. Mzoga uzikwe kwenye shimo refu mbali na kisima na mto, wala usitupwe Nzoia.

Mwenye mbwa anayechechemea aanzie ofisi ya mifugo ya wadi yake au ya kaunti ndogo, Webuye Mashariki au Webuye Magharibi. Aje na kadi ya chanjo, majina au pakiti za dawa zozote ambazo mnyama amepewa, na video fupi ya simu inayomwonyesha mbwa akiinuka asubuhi na kutembea uani. Video hiyo ina kazi yake: mbwa wengi wakifika mahali pageni hujikaza kwa woga, wakatembea mbele ya daktari kama wasio na tatizo lolote.